Sauti Yenye Ilikuwa Inapandisha Namba

Manassé hakukuwa mutu wa kuogopa ovyo. Alishaka kuanguka na moto, ile pikipiki, mara tatu mu njia ya Maboya. Alishaka kufukuzwa ku masomo mu kalasi ya ine, juu alimuambia mwalimu uso kwa uso kama hesabu aliandika ku tablo ni ya bongo, ya uongo, na hesabu ilikuwa kweli ya bongo. Ile yote ilimupita tu. Lakini kintu kimoja kilikuwa kinamukaza roho: rangi nyekundu ku cadran, ule uso wa kupimia.

Ile ilitokaka ku kazi yake ya zamani. Wakati alikuwa motard, mutu wa kubeba batu na moto, siku moja taa nyekundu ya mafuta iliwaka ku mupando wa Kabasha, naye akasema itafika tu Beni. Haikufika. Moteur ilikufa pale pale, na magunia mbili ya viazi ya Masereka nyuma, na ile siku ile ile patron alimunyanganya kazi. Tangu pale, Manassé akiona nyekundu, anasimama. Haulizi juu ya nini. Anasimama.

Sasa alikuwa na studio. Ilikuwa chumba kimoja mu commune ya Mususa, Butembo, nyuma ya atelier ya menuisier, fundi wa mbao, kuta zote zimebandikwa karto za mayai juu sauti isirudi rudi. Ndani kulikuwa micro mbili, table ya kuchanganya sauti, kiti kimoja, na mashini yake, ordinateur, kompyuta ya zamani yenye ilitoka Kampala. Mwenye alimuuzisha alimuambia neno moja tu: processeur, ule moyo wa mashini, usiiache ipite tisini kwa mia, itachomeka. Manassé hakusomaka ile mambo fasi yoyote, lakini kuchomeka alijua ni nini. Ile mangaribi alitafuta ku internet programme ya kupima processeur, akapata moja ya bure, ya kupendeza macho. Ukiiacha ndogo, inaikala mu kona ya ekra, ile kioo ya mashini, na namba yake tu. Ukiifungua kubwa, inajaza ekra yote: cadran sawa ya moto, mushale unacheza, mistari inajichora ya kijani na ya manjano, na ikipita tisini yote inageuka damu. Manassé aliipenda kuliko hata table ya sauti. Batu balimuona anaangalia ile cadran, balianza kumuita ingénieur, naye hakubakataza.

Siku ya tatu ya wiki, asubui, chorale moja ya bakristo ba pale Mususa ilikuya kukamatisha wimbo, mashini iweke sauti yao. Balikuwa batu kumi na nane, na balibeba mabenchi yao juu balijua hadisi ya kiti kimoja. Radio moja ya Beni iliahidi kupitisha ule wimbo siku ya Mungu, mu saa ya machorale. Ilipashwa tu ufike mbele ya siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu, saa sita ya muchana.

Wimbo aliuleta mama Agar. Mama Agar alikuwa mutu wa Mabalako. Miaka ine imepita, batu ba kijiji yake balikimbia vita, chapelle yao, kanisa yao ndogo, ikabaki na majani, na batu bakasambaa: bamoja Beni, bamoja Oicha, bamoja hakuna mwenye anajua wapi. Masimu ilipotea mu ile kukimbia, manumero ikapotea na masimu. Mule mu chapelle yeye njo alikuwa anaanzishaka ule wimbo, mu Kinande, kila mara batu bakivuna muchele. Aliifundisha chorale bure. Aliomba tu kintu kimoja: couplet ya tatu, ubeti wa tatu, aiimbe peke yake. Alibaelezea kama batu ba Mabalako, popote bako, radio banaisikiliza. Bakisikia ile sauti batajua iko muzima, iko Butembo, na mwenye anaweza atamutafuta.

Basi baliimba. Couplet ya kwanza, namba mu kona ilikuwa trente, makumi tatu kwa mia. Ya pili, trente-deux. Manassé alikuwa na mikono mu kifua, raha tu. Pale mama Agar alifungua kinywa.

Ile sauti haikukuwa ya kubembeleza. Ilitoka chini, sawa mutu anasukuma mulango ya mbao mubichi, na mushale wa sauti ku table uliruka. Manassé alishituka. Akajiambia, mashini itaweza kweli? Haraka akafungua ile cadran kubwa. Nonante-huit. Tisini na munane, ekra yote nyekundu.

Akakata.

Alibaambia barudilie. Balirudilia. Couplet ya kwanza, trente. Ya pili, trente-deux. Sasa alishajua hatari iko wapi, basi mama Agar alikuwa anavuta tu pumzi, yeye anafungua cadran. Nonante-huit. Akakata. Mara tatu, mara ine, mara tano. Batu ba bass, ba sauti ya chini, balianza kuangaliana. Zorobabel, président wa chorale, njo alikuwa pia menuisier wa pale mbele na mwenye nyumba. Alikuwa mutu wa mupango, hata harufu ya mbao ku nguo yake ilikuwa sawa ya bureau ya mukubwa. Alinyanyua mukono, akauliza mu sauti ya mukutano:

"Ingénieur, mashini inakataa nini?"

Manassé hakujua kuzungusha maneno.

"Sauti ya mama Agar. Iko nzito. Processeur haiiwezi."

Mutu mumoja alicheka na pua, akajizuia. Zorobabel aliita comité, batu batano, bakatoka inje mu takataka ya mbao, bakaongea dakika kumi. Balirudi na mupango: mama Agar asimame mbali ya micro, metre mbili. Nonante-huit. Asimame ku mulango. Nonante-huit. Mwisho balimutosha inje kabisa, akaimba mule mu takataka ya mbao, mulango nusu wazi, sauti inafika ndani sawa ya jirani. Nonante-huit vile vile. Mutu wa akili, pale, angejiuliza swali. Manassé hakujiuliza. Alisema ile sauti ni ya ajabu, hata ukuta haiizuie.

Pale Zorobabel aliomba Solange ajaribu. Solange alikuwa secrétaire wa chorale, mwenye sauti ndogo ya safi, mutu wa cahier na bic, daftari na kalamu. Manassé hakukuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Akaikala na mikono mu kifua, akaangalia namba mu kona: trente-trois. Wimbo ukaenda mupaka mwisho, mara moja.

Solange mwenyewe njo aliandika PV, karatasi ya kusema comité imekata nini, na haya ilimukamata wakati ya kuandika: comité imeona kama sauti ya mama Agar inapita nguvu ya mashini, Solange atashika couplet ya tatu. Bote batano balitia sahihi. Mama Agar hakulia, hakubishana. Alikamata ncha ya kitenge yake, akaifunga tena muzuri.

"Nilibebaka gunia ya muchele kutoka shamba mupaka Mangina, hakuna mutu aliniambia niko nzito," alisema. "Leo ni sauti."

Akasaidia kutosha mabenchi, juu benchi moja ilikuwa yake, akaenda.

Mususa ni nyumba karibu karibu, na neno halilale inje. Siku ya ine asubui batoto balishajua. Courant ya umeme ikikatika, banasema mama Agar anaimba. Mutu akileta radio ya kutengeneza, banamuuliza kama aliipitisha karibu na mama Agar. Muyisa, kijana mwenye kuchajisha masimu ya batu ku kona, na table yake na panneau yake ya solaire, ile ya kukamata jua, alimuomba kwa adabu yote asemeke pole pole akipita pale, juu masimu si yake, ni ya batu. Mama Agar aliacha simu yake ku table bila kusema neno, akarudi kuikamata mangaribi, bila kusema neno.

Manassé aliona ile. Alikuwa amesimama palepale na beignet, andazi, mu mukono. Alitaka kucheka na bengine, akaacha, akarudi ku studio na beignet yake.

Siku ya tano aliamuka mapema, akaweka wimbo ya Solange mu flash, kile kidude kidogo cha kubebea wimbo, akaweka mashini nayo mu sac ya mugongo. Flash ilikuwa ya radio. Mashini alikuwa anaipeleka kwa Hadassa, technicienne, fundi wa ile radio, juu batu balisema anajua magonjwa ya mashini kuliko bote ba Beni. Manassé alikuwa na wasiwasi wake: kama mama mumoja anaishinda, siku chorale ya bababa itakuya itakuwaje? Alipanda nyuma ya motard mumoja rafiki yake, na njia yote, kutoka Butembo mupaka Beni, alimuambia ule mutu aangalie taa yake ya mafuta.

Hadassa alikuwa musichana mufupi, wa maneno kavu. Alikuwa anakula makemba, ndizi za kuchoma, na mukono mumoja, na mukono mwingine uko ku mabuto ya kugeuza sauti. Alisikiliza wimbo mu casque ya masikio mupaka mwisho. Akasema ni muzuri, tena akauliza juu ya nini mwenye couplet ya tatu anaimba sawa mutu anasoma barua ya mwenzake. Manassé akamuelezea yote: mama Agar, Mabalako, sauti, nonante-huit, PV. Hadassa akaacha kutafuna.

"Sauti njo inachokesha processeur?"

"Sauti nzito."

"Ku mashini sauti ni sauti, ndugu yangu. Nzito, nyepesi, yote inapita mu waya moja. Fungua, nione ule ugonjwa."

Manassé akatosha mashini. Wimbo ya siku ya tatu ilikuwa mule, vipande vipande, fasi alikuwa amekata. Akaweka kimoja. Couplet ya kwanza, ya pili. Sauti ya mama Agar ikaingia, naye akafungua cadran. Nonante-huit, ekra nyekundu. Akamuangalia Hadassa sawa mutu mwenye ameshinda.

"Umeona?"

"Niliona mukono yako," alisema Hadassa. "Rudilia. Sasa hapana gusa kintu."

Manassé akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mama Agar akaingia tena. Namba mu kona: trente-quatre. Trente-trois. Trente-cinq. Sauti ikaendelea mupaka fasi ilikatwa. Mashini hata haikupumua.

Hadassa akamuambia aweke wimbo ya Solange, na akifika couplet ya tatu, afungue cadran. Akafanya. Ile sauti ndogo, ya safi, ya cahier na bic: nonante-huit.

Manassé alikohoa.

"Zima wimbo," alisema Hadassa. "Nyamaza hata weye. Fungua."

Akazima. Inje kuku alikuwa anakwaruza, moto ikapita mbali. Mule ndani hakuna mutu alikuwa anaimba. Manassé akafungua. Mushale ukatetemeka, ukapanda pole, ukafika nonante-six, nonante-sept, ukaikala pale mu nyekundu yake, mistari inajichora, inajichora.

Hadassa akaona kama hajaelewa bado, ao hataki. Akapanguza mikono.

"Umeshaka kuona mupimaji wa kahawa anaweka muguu juu ya balance, mizani, tena anakuambia gunia yako iko nzito? Njo hii. Ile cadran, marangi yote ile, kuichora ni kazi, na mashini yako ni ya zamani. Inakula mashini, inapima kile inakula yenyewe, inakuandikia sawa ni ya wimbo. Ikiwa ndogo mu kona, haikule kintu. Ukiifungua, namba ni yake."

Manassé alikuwa anarudilia siku ya tatu mu kichwa, mara kwa mara, na kila mara ilikuwa mbaya zaidi. Ku couplet ya kwanza hakufungua. Ku ya pili hakufungua. Kwa Solange hakufungua. Kwa mama Agar alifungua mara munane, hata wakati aliko inje mu takataka ya mbao. Namba haikupanda kwa sababu mama aliimba. Ilipanda kwa sababu yeye alimungojea.

Hadassa alishika flash mu vidole viwili. Aliuliza kama aweke hii ya Solange, juu kesho saa sita anafunga programme ya siku ya Mungu, na kisha ile hakuna mutu anaongeza kintu. Hakuuliza kwa ubaya. Wimbo ulikuwa pale, umeisha, safi. Ku Butembo hakuna mutu angejua. Batoto bangecheka wiki moja tena, kisha bangepata mutu mwingine. Na hata akitaka sauti ya mama Agar, hakuwa nayo: couplet ile aliikata mara munane, na kidole yake yeye.

"Rudisha," alisema Manassé.

"Nirudishe nini?"

"Flash. Kesho utapata ingine."

"Saa sita," alisema Hadassa. "Saa sita na dakika moja, nimefunga." Akarudilia makemba yake. Kisha akamuambia kama hatafika tena Beni, aitume ku WhatsApp, lakini aitume sawa document, isikuye imeminywa, sauti imeharibika.

Alirudi Butembo jua inashuka. Zorobabel alikuwa bado ku atelier, anapiga rabot, randa, ku mulango ya mutu, takataka ya mbao inamuangukia ku viatu. Manassé alimuambia yote amesimama, bila salamu, sawa mutu anatapika. Zorobabel alisikiliza na rabot mu mukono. Aliuliza kama iko hakika. Aliuliza mara mbili. Kisha akaanza kutembea na kichwa chini, na Manassé aliona kama PV njo inamuuma: batu batano balitia sahihi, ba mbele ya kanisa, na siku ya Mungu batasema comité ilifukuza sauti juu ya picha ya marangi.

Mwisho Zorobabel alipata mupango yake. Ilikuwa muzuri. Manassé aseme tu kama mashini ilifika Beni, ikatengenezwa, ikapona. Mama Agar atarudi kuimba, comité haitapata haya, ingénieur atabaki ingénieur. Bote batakuwa na furaha, na hakuna mutu ameumia.

Manassé alifikiri. Alikuwa amechoka, mugongo inamuuma na njia, na ile neno ingénieur alikuwa ameizoea. Lakini mashini yenye kupona ni mashini ilikuwa mugonjwa, na ule ugonjwa batu balishaupatia jina ya mutu.

"Hapana, président. Tukisema vile, itabaki sauti yake njo ilikuwa mubaya, sisi tumepata tu dawa."

"Na PV?"

"Ongezeni ingine. Mi nitatia sahihi pia."

Zorobabel alipuliza vumbi ku rabot. Alisema kijana huyu masomo ilifanya muzuri kumufukuza. Lakini ile usiku alituma batu bapite nyumba kwa nyumba, kuita chorale.

Siku ya posho, saa moja ya asubui, batu kumi na nane na mabenchi. Mama Agar alikuya wa mwisho. Hakuingia. Alisimama inje, mule mule mu takataka ya mbao fasi balimuweka siku ya tatu, akasema anasikia muzuri kutoka pale, baendelee.

Manassé aligeuza mashini, ekra ikaangalia batu.

"Hakuna mutu aimbe," alisema. "Hakuna mutu akohoe."

Akafungua cadran. Balinyamaza bote, hata Élysée wa bass, mwenye anapumuaka sawa ng'ombe, alikamata pumzi. Mushale ukapanda. Nonante. Nonante-quatre. Nonante-sept. Nyekundu ikajaza ekra, ikajaza hata miwani ya Zorobabel, na mu studio hakukuwa sauti hata moja.

"Ile ni mimi," alisema Manassé. "Hii kintu ikifunguliwa, inapanda yenyewe. Nilikuwa naifungua wakati mama anaanza. Kila mara, na yeye tu. Sauti yake haikufanya kintu. Haikufanyaka kintu."

Zorobabel aliangalia karto za mayai ku ukuta. Mama Agar alikuwa amesogea, sasa iko ku mulango, anaangalia ile mushale sawa mutu anaangalia muchawi wa jirani amekamatwa.

"Na Solange," aliuliza, "juu ya nini hukufungua?"

"Juu sikukuwa namuogopa."

"Kumbe uliniogopa."

"Ndiyo, mama."

Pale njo kicheko kilitoka, kwa Élysée kwanza, juu pumzi ilikuwa imemushinda, kisha kwa bote. Solange alicheka mupaka akapanguza macho, na alionekana sawa mutu mwenye bamemutula muzigo. Mama Agar hakucheka. Alifikiri kidogo. Kisha alisema ataimba, na haombi musamaha ya mutu, juu musamaha haiimbe. Anaomba tu Manassé awashe mashini ikamate, tena yeye Manassé atoke, asimame kule inje, fasi yeye alisimama.

Manassé alifuta ile programme kabisa, mbele yao. Akawasha. Akatoka. Mulango ukafungwa.

Alisimama mu takataka ya mbao. Hakukuwa namba ya kuangalia, hakukuwa buto ya kugusa, na mikono yake haikujua fasi ya kujiweka. Couplet ya kwanza ilipita mu mbao, ya pili ikapita. Kisha kukawa kimya kidogo, na sauti ya mama Agar ikaingia kutoka chini, ile ya kusukuma mulango. Alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu aliikata mara munane na hakuisikia hata mara moja, alikuwa anaangalia mushale. Haikuwa hata nzito. Ilikuwa inaita batu, moja moja, sawa mutu anaita mangaribi batu batoke ku shamba, na mu kila mwito anaacha fasi ya kungojea jibu. Kisha chorale ikamujibu, batu kumi na saba, na misumari ku table ya Zorobabel ikatetemeka.

Mashini ilikamata yote, mara moja.

Kutengeneza sauti kulikula asubui. Saa tano na nusu Manassé alipanda juu ya barabara fasi reseau ya simu iko ya kuaminika, akamutumia Hadassa wimbo sawa document. Chini yake aliandika jina ya mama Agar, akasema ni mutu wa Mabalako, na numero ya simu ya mama, na akaomba baisome ku radio kisha wimbo. Simu ikaanza kuhesabu: kumi kwa mia, makumi ine, makumi munane. Ikafika nonante-neuf, mia kasoro moja, ikasimama. Dakika tano, nonante-neuf. Dakika kumi. Manassé aliiangalia mupaka jasho ikamushika. Kisha alishikwa na hasira yake ya zamani, akaacha kuangalia, akapiga simu.

"Imefika?"

"Imefika zamani," alisema Hadassa. "Niko naisikiliza. Nyamaza."

Akaweka simu karibu ya haut-parleur, ile yenye inatosha sauti, na kutoka Beni, mu kelele ya bamotard na bauzishaji ba nyanya, Manassé alisikia mama Agar anaita batu. Ku simu yake ingali imeandikwa nonante-neuf.

Solange aliandika PV ya pili ile mangaribi. Alisoma mbele ya comité: comité imeona kama mwenye alikuwa muzito ni ingénieur. Zorobabel alitaka kubadilisha ile neno, bakamukatalia, bine kwa mumoja. Manassé alitia sahihi chini, herufi kubwa kubwa, ya mutu mwenye alitoka masomo mapema.

Siku ya Mungu, kisha ibada, wimbo ulishapita ku radio, mama Agar alikuwa mu parcelle ya nyumba yake anachambua muboga ya lenga-lenga. Muyisa wa kuchajisha masimu alikuya mbio, na simu ya mama Agar mu mukono, yenye aliacha kwake kuchajisha, waya ingali inaning'inia. Alikuwa na hasira ya kweli. Alisema chaji iko vingt, makumi mbili kwa mia tu, tangu asubui haipande, itapanda namna gani na hailali? Numero za Beni, numero za Oicha, moja hata ya Bunia. Batu banauliza mama Agar, banamulilia yeye Muyisa mu masikio, banamuita mutoto wa mama Agar, naye anabaambia mimi ni wa courant tu.

Simu ikalia tena mu mukono yake. Mama Agar alipanguza vidole ku kitenge, akaikamata, akaiweka ku sikio, na kwanza hakusema kintu, alisikiliza nani iko kule.

Kisha akajibu, na sauti yake yote.